Mulumba Alipita Peke Yake

Ilianza Jumatano, tarehe 31 Machi 1993, saa moja na dakika tano asubuhi. Aicha aliitazama saa yake kwa sababu alichokiona hakikuwa cha saa ile: Elder Mulumba, mmisionari kijana wa kanisa la Wamormoni, alikuwa akishuka barabara peke yake. Kijiwe kilikuwa kwenye kona, Manika, Kolwezi. Kilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, jiko la makaa, mabirika mawili, vikombe kumi na viwili. Toka hapo barabara inateremka moja kwa moja, kwa hiyo mtu akikaa juu ya taruma anaona mbali: kwanza bomba la maji, hatua mia moja na arobaini, kisha famasi yenye ukuta wa kijani, hatua mia nne kamili. Aicha alizihesabu mwenyewe. Alikuwa amesoma jiografia miaka miwili Lubumbashi kabla masomo hayajakatika, na sasa kilichobaki cha jiografia ile ni kuhesabu hatua na kumimina kahawa.

Juu ya taruma walikaa watatu wale wale. Direkta hakuwahi kuwa mkurugenzi wa kitu; alikuwa karani wa kampuni ya shaba, na alifunga tai hata sasa ambapo kampuni ilikuwa na miezi tisa bila kumlipa mtu. Kilometa ni Banza, anayesukuma baiskeli yenye magunia ya unga toka Kasaji, na ambaye hajawahi kutaja umbali wowote bila kuuongeza. Wa tatu ni Pneu-Sita, mjomba wake Aicha, Alfani kwa jina la nyumbani. Lori lake lilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba likingoja magurudumu sita, mwaka wa pili sasa.

Jumatatu vijana wa chama walikuwa wamepita na kipaza sauti. Watu wote wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, waondoke, hata waliozaliwa hapa, hata ambao babu zao ndio waliolaza hiyo reli. Wapelekwe gare, stesheni ya treni, wangoje behewa. Na jana, saa kumi na moja jioni, vijana hao hao waliweka kizuizi hapo chini, hatua nane kabla ya famasi: mapipa mawili na mti uliolazwa katikati. Anayepita anaulizwa jina. Sura haikuwaambia kitu, wala ulimi, kwa sababu wote walikulia mtaa mmoja na kusema Kiswahili kimoja. Jina ndilo lililosema. Siku zile watu walitembea wakiwa wamelificha jina lao kama mtu anavyoficha jeraha.

Elder Mulumba alilivaa lake, la Kikasai, kifuani. Kibao cheusi cha plastiki, herufi nyeupe, juu ya mfuko wa shati. Kwao ndiyo desturi: mmisionari hatoki mlangoni bila kibao chake.

— Jambo, ba tata. Jambo, mama Aicha.

— Jambo, Elder, kijiwe kikaitika.

— Elder Yapi eko na malaria mubaya. Usiku yote eko anatetemeka. Famasi ya pale chini ilifungua?

Direkta alitazama ndani ya kikombe chake, kana kwamba famasi ilikuwa humo.

— Ilifungua, mutoto yangu. Tangu asubuhi.

— Aksanti, tata.

Akaendelea kushuka. Jibu lilikuwa la kweli, na Aicha aliona kwamba hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

Aliwajua vijana hawa wawili, Mulumba na mwenzake Yapi, kwa saa zao. Waliamka saa kumi na mbili na nusu, wakasoma mpaka saa tatu na nusu, ndipo wakatoka, mashati yamepigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo ikakata. Walibisha milango mchana kutwa. Mlango ukifungwa, walisema aksanti, wakaenda mwingine. Jumatatu walifua na kuandika barua. Kahawa hawakunywa, wala chai, wala pombe. Msichana hawakumshika mkono zaidi ya salamu. Na hawakuachana: mmoja akienda chooni, mwingine alisimama nje akitazama ndege. Saa tatu usiku walikuwa ndani. Yapi alitoka Abidjan, mji ambao Kilometa alisema uko nyuma ya Kinshasa kidogo tu. Barua za mama yake zilichukua miezi mitatu, hivyo mwezi huu wa Machi alikuwa amesimama hapa kijiweni akiyachekea mambo ya Krismasi. Alikuwa na miaka ishirini.

“Mutoto ya miaka makumi mbili banamwita mzee,” Pneu-Sita alisema siku alipoelezwa maana ya Elder. “Mi sasa bataniita nani? Marehemu?”

Leo hakuna aliyecheka. Aicha aliweka birika chini.

— Ye hajue bariere, akasema. Jana tangu saa nane beko mu nyumba, juu ya malaria. Bariere iliwekwa saa kumi na moja. Hajue.

— Hajue? Direkta akavuta tai yake. Mama, aba bantu beko na foni, redio ya kuitana. Kila asubuhi Kinshasa inabaambia bitu yote. Mi nilifanya kazi mu biro miaka makumi mbili na tatu. Mutu mwenye kuvaa shati mweupe hakose habari. Mficha uchi hazai.

— Mficha uchi inaingia namna gani pale? Kilometa akauliza.

— Inaingia. Ungalisoma, ungaliona fasi inaingilia.

— Mi nilisoma, Aicha akasema, na siioni.

— Weye ulisoma mawe na mito.

— Mu nyumba yao hakuna foni, tata Direkta. Hakuna hata kuraa ya kuwasha taa. Banasoma na mushumaa.

— Foni ya siri haionekane, mama. Njo maana inaitwa ya siri.

Chini, Mulumba alikuwa amefika kwenye bomba. Wanawake sita walikuwa kwenye mstari. Wa kwanza aliinama kuchukua beseni lake. Mulumba akalishika upande wa pili, akampandishia kichwani. Kisha akageukia la pili. Hiyo nayo ilikuwa kazi yao ya kila siku: walibeba maji ya watu, walilima, walipanga matofali, na mtu akiuliza bei walisema hakuna. Mtaa ulikuwa ukiwashuku zaidi kwa hilo kuliko kwa mahubiri.

Aicha akaangalia saa. Saa moja na dakika kumi na moja. Mabeseni matano yamebaki.

— Mtu mmoja aende amwambie, akasema. Apite nyuma ya tanuru ya matofali. Atoe ile plaki ya kifua tu. Akitoa, ye ni mutu ya Likasi, ya jimbo yetu, sawa bengine.

— Nani aende? Pneu-Sita akauliza.

Wote watatu wakanywa kahawa kwa wakati mmoja.

Kilometa ndiye aliyekuwa amepita kwenye kizuizi alfajiri ile, akitoka barabara ya Kasaji. Alijua vijana ni wangapi na nani ameshika nini. Aliweka kikombe juu ya goti.

— Sikilizeni. Ile plaki si plaki ya bure. Mi nilitembea kilometa mia tano na unga juu ya mugongo, nilisikia mengi. Mu ndani ya ile plaki iko kamashini. Mutu akiigusa tu, kule Amerika taa inawaka.

— Taa gani? Direkta akauliza kwa heshima ya mtu wa ofisi.

— Nyekundu. Taa ikiwaka, elikopta inatoka Ndola. Dakika makumi ine eko hapa. Inashuka pa kiwanja ya mupira, inabakamata ba Elder, inapanda.

— Wazungu wao bote balibapandisha mu avioni bakarudi kwao, mwaka ya askari kupora muji, Aicha akasema. Mbona Mulumba balimwacha?

— Balimwacha juu eko na plaki! Mwenye plaki hana haja ya avioni. Kwa hiyo sasa nani ataenda kumwambia mutu kama ule atoe plaki? Si utakuwa unamuua? Mwenda bure si mkaa bure.

— Ile nayo haiingie, Direkta akasema.

— Inaingia kuliko ya kwako.

— Weye, tata Kilometa, Aicha akasema, pa bariere balikuuliza nini asubuhi?

— Jina.

— Ukasema?

— Nikasema Banza. Njo jina yangu, niseme nini? Bakaniambia pita, grand frère, kaka mukubwa.

— Na kama mama yako angalikuita jina ingine?

Kilometa alianza kulisugua goti lake. Nyumbani kwake, chini ya gunia, kulikuwa na cherehani ambayo mtaa ulikuwa haujaiona kwake. Jirani yake, fundi wa nguo, Mkasai, alikuwa amemwachia Jumatatu usiku kwa beseni moja la unga, akiwa na haraka. Aicha alijua. Kila mmoja pale alijua kitu cha mwenzake. Alijua pia kwamba Direkta, tangu jana, hakukaa tena kwenye meza yake ya mlangoni. Alikuwa amehamia meza ya mkuu wake wa ofisi, Mkasai, kwenye dirisha, na mto wa kiti ulikuwa na umbo la mtu mwingine bado.

Mabeseni matatu. Msichana mdogo kwenye mstari alikuwa akimwambia Mulumba kitu, naye aliinama kumsikia.

— Mi ninaenda, Aicha akasema.

Mkono wa mjomba wake ukamshika kifundo cha mkono. Haukumkaza. Ulikaa tu pale, wenye joto la kikombe.

— Kaa, mutoto. Haraka haraka haina baraka. Mi nitakuambia kitu, na usiseme fasi ingine. Ule si Mulumba.

— Ni nani?

Pneu-Sita akatazama huku na huku. Alikuwa na kipaji cha kuteremsha sauti mpaka watu wakavuta vichwa.

— Fikiri na kichwa ya iniversite. Mu muji banatafuta ba Mulumba nyumba kwa nyumba. Ba Mulumba bote beko banajiita Ilunga, beko banajiita Kyungu, kuna mumoya mu avenue yetu anajiita sasa Jean tu, bila kitu nyuma. Na mutu mumoya, mumoya tu, anatembea mu mwangaza na Mulumba juu ya kifua kama plaki ya boutique! Iko akili ile? Haina akili. Iko mtego. Balimutuma. Banataka kuona nani atamuambia “geuka, pita kule.” Atakayemwambia, njo ule banamtafuta. Banaandika. Kesho banakuya kwetu: Alfani, wa Maniema, anaficha Bakasai. Na siye nasi, mutoto, tuko bantu ya hapa? Babu yetu alizaliwa Kasongo. Leo ni Kasai. Kesho? Kikulacho kiko mu nguo yako.

— Sasa ile inaingia, Direkta akasema polepole.

— Inaingia kabisa, Kilometa akasema. Mi nami nilishaanza kuona ni mtego. Juu ya nini anatembea yeye peke yake? Hawatembeake peke yao, hata siku moja. Iko alama.

— Alisema juu ya nini! Aicha akapaza sauti. Alisema Yapi eko mugonjwa!

— Alisema. Mtego pia unasema, Kilometa akasema.

Aicha alitaka kuwaambia mambo kwa mpangilio, kama alivyofundishwa: kwamba mwezi wa Januari Mulumba alisimama hapa hapa akamweleza kuwa wazazi wake walitolewa Likasi Septemba iliyopita, kwamba alipata habari kwa barua iliyoandikwa na jirani, kwamba hajui wako Mwene-Ditu kule Kasai au njiani au wapi, na kwamba alibakiza miezi saba ya kazi yake ya miaka miwili, na miaka miwili ni miaka miwili. “Nikimaliza nitabatafuta,” alisema, akafuta jasho shingoni kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Mtego haupigi pasi kitambaa. Lakini alipofungua mdomo aliona kwamba hawakuwa wakimwamini mjomba wake hata wao. Walikuwa wamepata tu mahali pa kukaa.

Naye? Tangu Jumatatu asubuhi alikuwa ameona hatari ya kile kibao. Jumatatu walipita kwenda mtoni kufua, wawili, akawaza: leo nitamwambia akivue. Jumanne saa tatu na nusu walipita, akawaza: mama mwenye nyumba yao amekwisha kumwambia. Alikuwa na sababu zake, safi zaidi kuliko za wale watatu. Zilifanya kazi ile ile.

Beseni la mwisho likapanda kichwani kwa msichana. Mulumba akafuta mikono kwenye suruali, akaendelea na safari. Saa moja na dakika kumi na tisa.

Aicha alivuta mkono wake, akatoka. Hakuvaa ndala, alikumbuka baadaye kwamba changarawe ilikuwa baridi. Hatua kumi. Hatua thelathini. Angeweza kumwita, bado alikuwa karibu. Akajaza pumzi. Lakini amwite nani? Jina lililomjia mdomoni ndilo lilelile, na kulipiga kelele katikati ya barabara siku ile kulikuwa ni kumuua kwa mkono wake. Alisimama kutafuta neno lingine. “Elder,” ndiyo, Elder, mtoto mchanga angalijua. Alipolipata, kijana wa chama, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa akipanda kilima kwa baiskeli, akielekea kwake.

— Mama, unaenda wapi na haraka?

— Ku maji, Aicha akasema.

— Na ndoo iko wapi?

Aicha akatazama mikono yake.

— Nilisahau.

— Rudia uikamate, kijana akasema, bila ubaya, kama kaka. Akapita.

Akarudi. Hatua thelathini, zote alizihesabu. Juu ya taruma walikuwa wamesogeana.

— Si nilikuambia kaa, Pneu-Sita akasema.

— Penye wengi hapaharibike neno, akasema Direkta. Pale chini beko bantu wengi. Batasikilizana.

Wote wakatazama chini. Hiyo ndiyo faida ya kijiwe kile: mtu haukosi mwisho. Shati jeupe likafika kwenye mapipa. Likasimama. Kijana mmoja akatoka kivulini, akainama karibu na kifua chake, akakaa hivyo kitambo kirefu, kama mtu anayesoma saa ya mwenzake. Mulumba akanyoosha mkono kumsalimu. Mkono ukabaki hewani. Kisha wakawa watatu, kisha sita, na shati jeupe halikuonekana tena mpaka walipoachana; ndipo likaonekana chini, limekaa kwenye vumbi kando ya ukuta wa kijani, miongoni mwa watu wengine wanne waliokaa hivyo. Viatu alikuwa amevivua au amevuliwa.

— Elikopta, Kilometa akasema kwa sauti ndogo.

Saa mbili na dakika kumi lori likaja, likawapakia watano wote, likaondoka kuelekea gare.

— Mutu akiwa na malaria mu nyumba, Direkta akaanza, na kweli alikuwa akitafuta, paji lake limekunjana, mutu akiwa na mugonjwa, anapaswa kutuma mutoto. Hatoke yeye. Asiyesikia la mkuu...

Hakumaliza. Nyuma yao mtu alikuwa amesimama.

Alikuwa Yapi. Amejifunika blanketi juu ya pijama, na miguuni amevaa viatu vyake vyeusi bila soksi, kamba hazikufungwa. Hata hivyo kibao chake alikuwa amekibana, juu ya blanketi, upande ule ule wa siku zote. Meno yalikuwa yakigongana. Kiswahili chake alikitoa kwenye Biblia, na mtaa ulipenda kumsikiliza kwa hilo.

— Amani iwe kwenu, akasema. Mwenzangu mmemwona?

— Kaa, tata, Kilometa akasema, akainuka upesi mno. Kaa hapa, uko unatetemeka.

— Nilimwambia asiende. Nikalala. Nilipoamka, tazama, hayupo. Sisi hatuachani. Mmemwona?

— Alipita, Aicha akasema.

— Lini?

— Saa moja na dakika tano.

— Akaenda wapi?

Pneu-Sita akaonyesha kwa kidevu. Yapi akatazama chini, akaona mapipa, mti, vijana. Alikuwa mgeni, lakini hakuwa mjinga. Akapepesa macho mara nyingi.

— Kizuizi hiki ni cha lini?

— Cha jana, tata. Cha jioni.

— Nanyi mliketi hapa?

— Siye twakaaka hapa kila siku, Direkta akasema. Alituuliza kama famasi ilifungua. Tukamuambia ilifungua. Na ilifungua kweli, iko wazi mpaka sasa, unaiona.

Yapi aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama walivyozoea kufanya wakimaliza kufundisha na kuuliza kama kuna asiyeelewa. Hakukuwa na hasira usoni kwake. Aicha angalipenda iwepo.

— Nani alimwambia? akauliza.

Direkta alishika tai. Kilometa alikuwa bado amesimama, akimwachia Yapi nafasi ambayo hakuitaka. Pneu-Sita, ambaye jana tu alikuwa na maelezo kuhusu kwa nini mvua ilichelewa, na kuhusu kaburi la rais wa zamani, na kuhusu kobalti inayoliwa na Wajapani, alitazama mikono yake. Basi moja la shule lilipita likiwa tupu.

— Mama, Direkta akasema mwishowe, akamnyooshea Aicha kikombe. Niongezee kidogo.

Birika lilikuwa nusu. Aicha aliuhisi uzito wake mkononi.

— Imeisha, akasema.

— Imeisha? Sasa hivi?

— Imeisha, tata.

Yapi alishuka mwenyewe mpaka kwenye kizuizi, akishika ukuta hapa na pale. Aicha alimfuata hatua kumi nyuma na mara hii hakuna aliyemuuliza ndoo. Walimsoma kifua, wakaona jina lisilo la mtu yeyote wa hapa, wakataka pasipoti. Alipowaambia kwamba anataka kwenda kukaa na mwenzake huko gare, walicheka, kisha wakaona hatanii. Mkubwa wao akamwambia kwa adabu kwamba gare haina fasi ya wageni. Wakamgeuza kwa mabega. Njiani alianguka mara mbili, na mara ya pili Aicha na mwanamke wa bomba walimbeba mpaka mlangoni kwake.

Dawa ya kwinini ya Yapi alikwenda kuinunua Pneu-Sita. Hakuna aliyemtuma. Alipita kwenye kizuizi, akasema Alfani, akanunua, akasema Alfani, akarudi. Ilimchukua dakika kumi na moja, na aliiweka juu ya taruma bila kumtazama mtu.

Kesho yake Aicha hakuwasha jiko. Aliondoka saa kumi na moja na dakika ishirini asubuhi, giza likiwa bado, kwa njia ya nyuma ya tanuru, ile ambayo alikuwa amemwekea mtu mwingine akilini. Alifika gare saa kumi na mbili na robo. Alikuwa amefikiri atakuta watu kwenye jukwaa, kama abiria. Alikuta mji. Magodoro, makabati, kuku waliofungwa miguu, milango ya nyumba iliyong'olewa na kubebwa, moshi wa mioto mia, na watu waliolala kati ya reli toka kwenye ghala mpaka mwisho wa macho. Watoto walikohoa kwa zamu. Behewa halikuwepo hata moja. Alitafuta shati jeupe kwa nusu saa. Aliona mashati meupe mengi. Mtu akifukuzwa huvaa lililo zuri.

Njia nzima alikuwa amelibeba neno moja alilotaka kumwambia. Alipoona kwamba kwa macho hatampata, alipanda juu ya rundo la mataruma, akaweka mikono mdomoni, akaliita jina kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

— Mulumba!

Wakageuka watu tisa.

Mmoja alikuwa akinyoa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, akasimama kama anayeitwa darasani. Aliwatazama wote, uso kwa uso, na aliyemtafuta hakuwemo. Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mzee wa kofia ya wafanyakazi wa reli, amekaa juu ya furushi la shuka.

— Njo mi, mama, akasema. Mi ni Mulumba. Kuna nini?

Aicha akashuka. Alisimama mbele yake, miguu yake imejaa vumbi jekundu, akalisema lile neno, kwa kuwa hakuwa na lingine.

— Nilijua tangu Jumatatu, tata. Sikusema.

Mzee alivua kofia yake. Hakumuuliza alijua nini. Akasogea kidogo juu ya furushi lake, akapangusa upande uliobaki kwa kiganja, na Aicha akakaa.